Taka zinarundikana sokoni na ushuru tunalipa kila siku, wenzetu masoko mengine mnafanyaje?

MjumbeWaUsafi

Habari zenu wakuu. Mimi nauza nyanya na hoho kwenye soko moja huku Temeke, ni soko la mazao, Fuso zinashusha usiku nyanya za Ilula, vitunguu vya Singida, kabichi za Lushoto, ndizi, machungwa ya Muheza, kila kitu, na wenzangu wamenichagua kwenye kamati ya soko upande wa usafi na mazingira. Nimekubali kwa sababu hali inanikera, ila kazi hii ya kupiga kelele tu haina mwisho ndo mana naomba ushauri.

Shida yetu ni hii. Kila mwenye meza analipa ushuru kila siku, anapita kijana na mashine anakukatia risiti, na tunaambiwa hela ya taka imo humo humo. Taka zinafagiliwa zinapelekwa nyuma ya soko kwenye kiwanja kidogo zinamwagwa chini. Mkandarasi anatakiwa aje kila siku. Haji. Leo gari bovu, kesho foleni dampo, keshokutwa mafuta hakuna. Saivi lundo limefika usawa wa dirisha la choo, maji meusi yanachuruzika chini yanakatiza njia ya wateja yanaingia mtaroni, na hatua chache tu kutoka hapo mama lishe wanapika. Nzi wanatoka kwenye lundo wanatua kwenye samaki wa kukaanga, unaona kwa macho yako. Na masika ndo hiyo inakuja, mtaro ukiziba maji yote yanarudi ndani ya soko, masika iliyopita wauza mchele wameloweshewa magunia wakauza kama chakula cha kuku.

Kwenye kikao kuna wanaosema tugome ushuru mpaka taka zitoke, na kuna wanaosema tuchangishane tukodi gari yetu. Mi roho haijaridhika na lolote kati ya hayo, mana ukigoma anayefungiwa meza ni mnyonge, ukichanga unalipa mara mbili kitu kile kile. Alafu kuna mfugaji amekuja anataka maganda ya ndizi bure, wengine wanasema auziwe. Nyie wa Mabibo, Buguruni, Tandale, Ilala, Kinondoni huko mnafanyaje? Naomba majibu ya vitendo tafadhali.

TairiKumi

Mkuu mi naendesha gari la taka, nimepita kampuni tofauti tofauti, ngoja nikwambie upande ambao kamati za masoko huwa hamuuoni.

Taka za soko ni maji. Gari la tani 7 ukilijaza kabichi, maganda ya matikiti na mapapai yaliyooza linakuwa limeshazidi uzito hata bodi haijajaa, springi zinakatika, na yale maji yanakula bati mpaka bodi inatoboka. Kwahiyo gari kuwa bovu mara nyingine ni kweli kabisa. Alafu safari yenyewe, kutoka huko Temeke uende Pugu Kinyamwezi, unaingia Barabara ya Nyerere unakutana na foleni mpaka Gongo la Mboto, ukifika dampo kuna foleni nyingine, na masika ndani ya dampo ni tope tupu magari yananasa yanavutwa. Tripu moja inaweza kula nusu siku. Sasa mkandarasi mwenye magari mawili anahudumia soko na mitaa, atakimbilia wapi? Atakimbilia pale anapopakia haraka akaondoka.

Na nyie hamumpakizi haraka. Taka mmezimwaga chini, vijana wanapakia kwa beleshi na matenga, wanachota tope na mawe humo humo, masaa yanakatika. Kitu cha kwanza kudai ni kontena lile linalonyanyuliwa na gari. Gari linafika, linaacha tupu, linabeba lililojaa, limeondoka. Hata gari likichelewa taka ziko ndani ya chuma hazijatambaa mpaka kwa mama lishe. Na kontena liwe na mfuniko jamani, mvua ikiingia humo mnalipia kusafirisha maji ya mvua kwenda Pugu.

Cha pili mwe na daftari la tripu. Kila gari likitoka msimamizi wenu aandike namba ya gari, saa, limejaa au nusu, na dereva asaini. Tripu inayofuata dereva aje na nakala ya risiti ya dampo ya ile iliyopita. Nasema hivi kwa sababu kuna magari yanatoka sokoni hayafiki dampo, yanaishia kwenye korongo au mashimo ya mchanga usiku, afu mwisho wa mwezi yanahesabiwa kama tripu kamili. Bila daftari mkienda kulalamika manispaa ni maneno yenu na maneno ya mkandarasi, na yeye ana makaratasi nyie hamna.

MamaKabichi

Kaka mjumbe hongera na pole kwa pamoja. Mi nauza kabichi na mbogamboga huku Kinondoni na tulikuwa kwenye hali hiyo hiyo. Kaka wa gari kaongea vizuri lakini mi naona ameanzia mwisho, taka zikishafika nyuma ya soko umeshachelewa.

Kaa siku moja usiku uangalie Fuso la kabichi linavyoshusha. Chini ya bodi wametandika majani ya mgomba na nyasi, pembeni wamechomeka majani mengine mzigo usichubuke, na kabichi yenyewe imekuja na yale majani yake ya nje magumu. Kuli anapokea, anamenya tabaka mbili tatu, anadondosha hapo hapo aliposimama, anatupia kabichi nyeupe kwenye fungu. Mpaka gari linamaliza kushusha majani yamefika magotini na mteja wa kwanza hajaingia sokoni. Sasa hizo taka ni za nani? Asubuhi anakuja kufokewa mwenye meza ambaye alikuwa kalala kwake Mbagala. Sisi tukasema hizo ni taka za mzigo, anawajibika dalali. Si dereva, dereva leo huyu kesho mwingine, dalali yupo kila siku na hela yake anakata kwenye kila gunia. Gari haliondoki mpaka majani yamekusanywa kwenye viroba, na yale ya kutandikia yaliyo mazima yanarudi na gari, yanatumika tena safari nyingine. Walinuna mwanzoni. Dalali mmoja alisema atahamishia mizigo soko lingine, hakuhama, wateja wake wote wako hapa angeenda wapi.

Kwenye meza tuliweka mapipa mawili kila mstari, narudia kila mstari, usije ukataka kila meza iwe na mapipa mawili nafasi hamtapata. Moja la mabaki ya mazao, moja la nailoni, viroba, maboksi, kamba za matenga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 zile za rambo zimepungua kweli, ila vifuko laini vya kupimia karanga na pilipili bado vimejaa, na vile vikiingia kwenye mtaro vinanata kwenye nondo za mfuniko maji hayapiti.

Na naomba sana kaka angu uangalie hawa dada zetu wanaofagia. Soko zima linawategemea wao na wanashika samaki waliooza, vigae vya chupa na nepi kwa mikono mitupu, wengine wana ndala tu miguuni. Kabla hamjanunua kitu chochote nunueni gloves na buti, na walipwe kwa wakati. Wao ndo wanajua mstari upi unachanganya taka na saa ngapi, sisi kwenye kamati tunajua kwa kusikia. Tulipowaweka wawili waingie kwenye vikao vya usafi mambo yalianza kwenda.

Huyo mfugaji msimuuzie. Mkimuuzia atachagua mazuri mabaya atawaachia, na ana haki hiyo kwa sababu kalipia. Mpeni bure kwa masharti, aje kila siku saa ile ile, abebe maganda yote ya mstari wa ndizi, aache pasafi. Ila hakikisheni hakuna kamba ya nailoni humo, ng'ombe akimeza inakaa tumboni haitoki, na yaliyoota ukungu msimpe.

KotaZaIlala

Kutenganisha taka kwenye soko la Dar hapana, tusidanganyane. Mteja anakula chungwa anatupa ganda popote, kuli anakunywa maji anatupa chupa, machinga wa nje ya uzio ambaye halipi chochote anakuja usiku kumwaga kiroba chake kwenye pipa lako la mazao. Tumeshawekewa mapipa ya rangi rangi na miradi mingapi, mradi ukiisha mapipa yanageuzwa ya kuhifadhia maji. Dawa ni mgambo na faini, mtu akipigwa faini mara moja hatarudia.

MamaKabichi

Mdogo wangu wa Ilala, chupa za plastiki wala hazikai, vijana wanaookota wanazichukua kabla hata hazijapoa, tena tumewapa ruhusa rasmi na kona yao ya kuhifadhia. Kuhusu faini, tulijaribu mgambo. Faini zilitozwa, soko likabaki chafu, na waliokamatwa ni wale wenye ungo wa ndimu na mchicha, hakuna dalali hata mmoja. Hilo la machinga wa nje nakubali, ni kweli kabisa, na sisi tuliwaita tukawapa pipa lao nje wakawa wanachangia kidogo kidogo. Wanazalisha taka kama sisi na hawana pa kuzipeleka, ukiwafukuza kiroba kitaingia usiku tu.

BwanaAfyaMstaafu

Wanangu poleni na kazi. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira jiji hili miaka mingi, nichangie yale ninayoyafahamu.

Tatizo hili lina historia yake. Zamani taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, wakazi wakashindwa kuvumilia moshi na harufu wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 jiji likazuiwa kumwaga pale. Likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi. Angalieni ramani mtaona, hili la sasa liko mbali na masoko kuliko yote yaliyotangulia, na gharama ya kila kilo imepanda. Mwaka 1994 ndipo kata za katikati zilianza kukabidhiwa kampuni binafsi kuzoa taka, kwa hiyo huu utaratibu wa mkandarasi haukuzaliwa jana, na lawama za gari bovu tulizisikia tangu enzi hizo.

Sasa mjumbe, usigome ushuru. Nakuomba kabisa. Ukigoma umempa mwenzako sababu ya kukwambia huduma haipo kwa kuwa hamkulipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, sura 191, imeweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na inazungumzia hadi kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Kumpa kazi mkandarasi hakuiondolei manispaa jukumu hilo. Kwa hiyo andikeni barua, kamati isaini, nakala kwa diwani na kwa afisa afya wa kata, muombe kuoneshwa mkataba unaohusu soko lenu: mara ngapi kwa wiki, gari la aina gani, analipwa kwa tripu au kwa mwezi, na asipokuja anakatwa kiasi gani. Mara nyingi utakuta analipwa kwa mwezi, aje asije. Hapo ndipo daftari la kijana wetu dereva linapofanya kazi, mnaambatanisha nakala. Muulize pia kama mkandarasi mwenyewe analipwa kwa wakati, maana kuna wakati manispaa ndiyo inamchelewesha na yeye hawezi kulisema hilo mbele yenu.

Na hao mama lishe wahamishwe leo. Msisubiri barua. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar kikasambaa karibu nchi nzima, na nilishuhudia biashara za vyakula zikifungwa wiki kwa wiki, watu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nzi haulizi mkataba umeandikwa nini. Wapeni sehemu yenye maji ya kunawa na upande ambao upepo hautoki kwenye taka, kamati isaidie kubeba meza zao, isiwe adhabu kwao.

ShambaChanika

Mzee shikamoo, nimejifunza hapo kwenye historia.

Mi niko upande wa mboji, nachukua mabaki ya mazao kwenye masoko mawili nayapeleka shambani Chanika, kwahiyo nitaongelea hilo pipa la mazao linaenda wapi, mana mkitenganisha afu gari lile lile linakuja linachanganya vyote watu watakata tamaa wiki ya kwanza, na watakuwa na haki. Tafuteni mpokeaji KABLA hamjanunua mapipa. Mjumbe ulete hili kwenye kamati kwa herufi kubwa.

Msifanye mboji ndani ya soko, hata kama kuna mtu anawashawishi. Mabaki ya sokoni yana maji mengi, ukiyarundika peke yake hewa haipiti, yanavunda badala ya kuoza vizuri na hiyo ndo harufu mnayoisikia nyuma ya soko saivi. Yanataka kitu kikavu cha kuchanganyia, mi natumia maranda ya mafundi wa Keko na majani makavu, nakata kata mikungu ya ndizi na mabua mana mazima yanachukua muda mrefu. Ukiishika kiganjani ukaikamua idondoke tone moja mawili tu, ikichuruzika ongeza maranda. Ndani inapanda joto zaidi ya nyuzi 55, mkono hauvumilii, na hilo joto ndo linaua mbegu za magugu na vijidudu, afu unageuza, unaacha, unageuza tena. Miezi miwili mitatu ukiwa makini inakuwa nyeusi haina harufu. Hiyo kazi inataka nafasi na soko halina nafasi. Samaki na nyama sichukui, zinavuta panya na mbwa.

Kinondoni wana kiwanda cha mboji kule Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kimelenga taka za masokoni hasa, kwahiyo MamaKabichi kwenu ni rahisi kidogo kuulizia. Upande wa Temeke mngeanza na wafugaji na wakulima wa Kigamboni, Chamazi, Mbagala ya ndani huko. Kuna pia wanaofuga funza wa nzi weusi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, funza wanakula kwa takriban wiki mbili wanavunwa, wanapenda nyanya na mapapai, mabua na maganda ya machungwa hawayataki sana. Mtu wa namna hiyo mkimpata mpeni mstari wa matunda, mfugaji apate wa ndizi, kabichi ziende kwa ng'ombe, kitakachobaki kwa mkandarasi ni kidogo na kikavu na hata gari lake litadumu.

Sharti langu moja kwa masoko ninayochukua: nikikuta nepi au chupa zilizovunjika narudisha pipa zima. Shamba likishaingia vigae ndo basi, utavipalilia miaka.

KotaZaIlala

Ok hapo kwenye mpokeaji kwanza nimeelewa. Hiyo miradi ya mapipa ya rangi ndo ilikosea hapo, mapipa yalikuja gari la kutenganisha halikuja. Bado nasema dalali apigwe faini lakini.

MjumbeWaUsafi

Wakuu ahsanteni sana, mzee shikamoo na nashukuru. Hili la taka za mzigo lilikuwa halijanijia kabisa, jana usiku nimeenda kusimama getini nikaangalia, dada MamaKabichi ni kweli tupu, Fuso mbili tu za kabichi na moja ya ndizi zimeacha majani mengi kuliko tunayofagia kwenye meza mchana kutwa. Mama lishe tumeshawahamisha upande wa maduka ya mchele, mmoja kagoma mana wateja wake ni makuli wa huku nyuma, tumekubaliana abebewe ndoo ya maji ya kunawa na tumpe kona ya getini karibu nao. Barua nimeandika, kesho kamati inasaini, gloves na buti zimepitishwa kwenye mfuko wa kamati bila ubishi.

Mfugaji nimempigia, amekubali masharti, atakuja na guta saa moja asubuhi. Sasa nimebaki na swali la kontena kwako TairiKumi. Kiwanja chetu cha nyuma ni kidogo na geti la nyuma Fuso linapita kwa kubana, na usiku wanapaki hapo hapo. Kontena litakaaje?

TairiKumi

Mkuu usiliweke nyuma. Gari la kunyanyua linataka kusimama limenyooka mbele ya kontena na nafasi ya kurudi nyuma bila kukata kona, na juu kusiwe na waya wa umeme wala bati la kibanda mana mikono yake inapanda juu. Geti linalobana Fuso hilo litakusumbua kila siku. Tafuta ubavu wa soko ulio karibu na barabara, mbali na vyakula, sakafu iwe ya zege yenye mteremko kidogo kwenda kwenye shimo la maji machafu usiuelekeze mtaroni. Zege lisipokuwepo kontena linazama upande mmoja masika ikija, afu halinyanyuki.

Na muda, ombeni kwenye mkataba iwe alfajiri, Fuso zikishaondoka na wateja hawajajaa. Sisi madereva wenyewe tunapenda, ukitoka sokoni saa kumi na moja unaiwahi Gongo la Mboto kabla ya foleni na dampo unakuwa wa mwanzo mwanzo. Chukua futi kamba upime upana wa sehemu na urefu wa kwenda juu, weka vipimo hapa pamoja na picha, nitakwambia kama gari linaingia kabla hamjamwaga zege.